Suruali Niliyoianika Kwenye Kamba ya Majimoto

Kuna watu hapa Kibiti wananifahamu kwa sura, na kuna wengine, ambao ni wengi zaidi, wananifahamu kwa chupi. Nalisema hili mapema ili ukija kulisikia mahali pengine usidhani nilikuficha. Aibu yenyewe ilishafika mpaka Ikwiriri, na juzi juzi kuna jamaa wa Mloka, tena simjui hata kidogo, kashuka kwenye lori la mkaa pale stendi akanitazama kwa muda halafu akaniuliza, "We ndiye yule wa majimoto?" Nikamwambia ndiyo, halafu nikamwelekeza njia aliyokuwa anaitafuta. Ningefanyaje?

Basi acha niieleze mwenyewe, maana kila anayeisimulia anaongeza lake. Chande, ambaye eti ni rafiki yangu, huwaambia watu kwamba nilikimbia mpaka barabara kuu na basi likasimama. Si kweli. Niliishia kwenye mpapai.

Mama yangu ana bustani nyuma ya nyumba. Si kubwa, ni matuta sita ya mchicha, matatu ya bamia, mawili ya nyanya chungu na kunde pembeni kwa ajili ya majani. Yeye na wenzake saba wana kikundi cha bustani, kila mmoja na ya kwake nyumbani, na mwenyekiti wao ni Bi. Somoe, mama mnene mwenye sauti isiyohitaji spika. Baba wakati huo alikuwa Mbwera kwenye mpunga, kwa hiyo mwanamume wa nyumba nilikuwa mimi, kidato cha pili, nikidhani cheo hicho ni cha kukaa mbele na kula wa kwanza, kumbe ni cha kubeba maji.

Maji yenyewe tulichota bondeni, kwenda ni robo saa na kurudi ni karibu nusu saa kwa sababu kurudi ni mlima na ndoo iko kichwani. Mimi nilikwenda kabla na baada ya shule, Mama alikwenda katikati ya hapo, na sikupata kuzihesabu safari zake mpaka shingo ilipoanza kumuuma. Ikafika mahali akitaka kutazama pembeni inabidi ageuze mwili mzima kama mtu aliyevaa debe. Mimi mwanzoni nilikuwa namuigiza (ndiyo, nilimuigiza, na Bibi alicheka), halafu siku moja nikamkuta amekaa kwenye kinu, peke yake, amejishika shingo kwa mikono miwili, macho kayafumba. Sikumuigiza tena.

Sasa wakaja watu wa mradi mmoja wakasema wana pampu moja ya mkono, watachimba na kisima chake, nao wataitoa kwa kikundi kimoja kati ya viwili: kikundi chetu, au kikundi cha akina mama wa ng'ambo ya mto, kule ukishavuka Ndundu. Bi. Somoe akasema ikija kwetu itachimbwa nyuma ya nyumba yetu, kwa sababu ndiyo iko katikati ya wote. Sharti lilikuwa moja tu, bustani zilimwe bila dawa ya dukani.

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Zamani, kama wanavyosema wakubwa, dawa ya wadudu ilitoka kwenye ushirika, kwa foleni, na anayekupa anakukaripia kwanza ndipo akupe. Siku hizi biashara imeachiwa, kila mwenye kibanda anauza, anapima kwa kifuniko, anakutilia kwenye chupa ya soda, na ukimuuliza inaitwaje anakwambia "ile ya buluu". Kuku wetu sita walikula viwavi waliopigwa ile ya buluu kwa jirani, wakafa mchana mmoja, wamejipanga mlangoni kama wamekuja kushtaki. Tangu siku hiyo Mama hakutaka hata kuisikia. Kwa hiyo bibi shamba wetu, mama wa makamo mwenye baiskeli ya kiume, alipokuja kufundisha dawa za asili, Mama alikaa mstari wa mbele, na mimi nikapewa kazi ya kutwanga.

Unatwanga majani ya mwarobaini, unayaloweka usiku kucha, unachuja, unatia kipande cha sabuni na pilipili kidogo, unanyunyiza jioni jua likishalegea. Ni dawa nzuri lakini ni ya mtu mwenye subira, na haikai, inabidi utwange kila mara. Tena inataka chombo chenye mfuniko unaobana. Nikaenda jalalani kwa yule yule jirani nikaokota chupa ya plastiki, ya lita nzima, nikaisugua kwa mchanga mara tatu. Ilikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili. Nikaona inapendeza. (Nilikuwa na miaka kumi na sita. Fuvu lolote linapendeza.) Nikaining'iniza kwenye kijiti pembeni ya kunde, nikasahau kabisa kwamba ina fuvu, kama mtu anavyosahau kwamba jirani yake ana kengeza.

Mwarobaini uliwaweza vidukari wa kwenye kunde. Lakini kuna viwavi wa mchicha, wale wanaojikunja ndani ya jani wakalishona kwa uzi wakawa wanakula humo humo wamejifungia, na hao hawakujali mwarobaini, hawakujali pilipili, nadhani pilipili iliwaongezea hamu. Wiki tatu kabla ya wageni wa mradi kuja kukagua, mchicha wa Mama ulikuwa na matundu kama chekecheke. Mama akawa anaamka anakwenda kuyatazama matuta kabla hata ya kunawa uso.

Aliyeanzisha mambo ni Bibi, mama yake Mama, anayekaa nasi, ingawa leo ukimuuliza anakana. Alikuwa anachambua mchele uani, akaniita.

"Mume wangu." (Ananiita hivyo tangu nizaliwe, ndio utani wa bibi na mjukuu, na mbele ya wageni ananiita hivyo kwa sauti zaidi.) "Ule mkorosho pale una mdudu?"

"Hauna."

"Kwa nini hauna?"

"Una majimoto."

"Haya. Nenda kacheze."

Kwa asiyewajua, majimoto ni wale chungu wekundu, warefu wa miguu, wanaoshona majani mabichi ya mkorosho au mwembe yakawa mfuko wakakaa ndani. Ukigusa tawi wanakushukia kama mvua, na wanauma halafu wanabaki wameng'ang'ania. Siku ya kukwea mkorosho watu hujipaka majivu mikononi na shingoni, kwa sababu majimoto hapiti penye majivu. Mwenye mkorosho huwalaani siku hiyo moja, siku zingine zote anawashukuru, maana walipo wao mdudu mwingine hakai.

Nikaona hapa kuna mtu wa kunitwangia. Yaani sikufikiria mchicha kwanza, nilifikiria mchi. Nikamchukua Chande tukakata kiota kimoja tukakitia kwenye gunia ili tukakimwage bustanini, safari ya hatua ishirini, na hatua ya tisa Chande akalitupa gunia akaniambia urafiki una mipaka yake. Bibi akatucheka mpaka mchele ukamwagika.

"Majimoto habebwi," akasema. "Sisi zamani tulifunga kamba, toka mkorosho walipo mpaka mkorosho wasipo, wakahamia wenyewe kwa miguu yao. Lakini sikilizeni. Kamba ya majimoto ni barabara yao. Hapaning'inizwi kitu. Akikuta jani anashona, na akikuta nguo anaona ni jani."

Nilisikia. Sitasema sikusikia.

Nikafunga kamba ya katani toka mkorosho, nikaipitisha nyuma ya jiko, mpaka kwenye mti niliousimika katikati ya matuta, na toka hapo vijiti kila upande. Kwenye ule mti nikafunga kichwa cha kambale mkavu (Baba alikuwa ametuletea kutoka Mbwera, na Mama mpaka leo anaamini kililiwa na paka). Siku ya tatu wakaanza kupita, mmoja mmoja, wakipima. Siku ya tano ilikuwa msafara. Wanakwenda kwenye jani lililoshonwa, wanalifumua, wanamvuta kiwavi nje watatu wanne, wanaondoka naye kwenye kamba kwenda mkoroshoni. Nilikaa pale nikakosa kipindi cha kwanza cha hesabu kwa kutazama. Vidukari hawakuwagusa, walikuwa wanawafuga kama ng'ombe, kwa hiyo kunde niliendelea kuzinyunyizia mwarobaini, lakini kwenye mchicha ndani ya wiki mbili majani mapya yakatoka hayana hata tundu. Mama hakusema asante. Jioni ile kwenye sahani yangu kulikuwa na kipande cha samaki cha katikati, si mkia.

Bibi shamba alipokuja kuona akashuka kwenye baiskeli kabla haijasimama. Akasema siku ya ukaguzi nitamweleza mgeni mwenyewe, nivae sare ya shule, nionekane msomi. Nikaandika hotuba ya kurasa mbili. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilisema: "Mdudu huyu ni rafiki wa mkulima na hana madhara yoyote kwa binadamu." Chande akaisoma, akanyanyua mkono wake wenye vipele akaniuliza, "Na huu ni mkono wa nani?"

Ukaguzi ulikuwa Jumanne. Jumanne tukakaa tayari toka asubuhi, akina mama wote wanane na khanga zao za sare, mimi na suruali yangu ya shule iliyopigwa pasi ya mkaa. Saa nne, saa sita, saa nane. Saa tisa nikachoka nikakaa, na nilipokalia palikuwa na bakuli la mchuzi wa kunde. Saa kumi na moja likapita lori, dereva akatuambia pantoni imekwama Ndundu, wageni wako ng'ambo na watalala huko huko, labda kesho.

"Ng'ambo!" Bi. Somoe akashika kiuno. "Wamelala kwao! Sasa hivi wanakunwa migongo na kukaangiwa perege, sisi tuko hapa na mchicha!"

Hakuna aliyecheka. Akina mama wakavua khanga wakazifua upya zote, kwa sababu vumbi lilikuwa limezimaliza, wakazianika kwetu, na kamba yetu ya nguo ikajaa mwisho hadi mwisho. Nami nikafua suruali. Sina nyingine, yaani sikuwa na nyingine. Mama akaniambia nikaianike kwenye ua.

Ua ni ule wigo wa miti ulioko mbele ya nyumba. Kutoka pale niliposimama ni hatua arobaini, nimekuja kuzihesabu baadaye. Kamba ya majimoto ilikuwa mbele ya pua yangu. Jua lilikuwa linazama, majimoto wachache tu walikuwa wanapita, nikajiambia nitaitoa kabla ya kulala. Nikaianika, nikaingia kula, nikalala.

Asubuhi ya Jumatano niliamka nikaenda bondeni, nikamwagilia matuta, nimefunga msuli wa Baba ili nisichafuke. Hapa kuna jambo lazima niliseme ingawa ningependa kuliruka. Chini ya msuli nilikuwa nimevaa chupi ya mtumba niliyoinunua mnadani. Niliichagua kwa sababu mpira wa kiuno ulikuwa haujalegea, na mtu aliyewahi kununua chupi mnadani anajua hiyo ni bahati. Rangi yake ilikuwa ya waridi. Ilikuwa na lesi pembeni na kiua kidogo mbele. Nilikuwa na hakika hakuna atakayeiona.

Gari la wageni likaja mapema kuliko tulivyodhani, saa tatu, likapiga honi mimi bado nina kopo mkononi. Nikakimbilia nyuma ya jiko, nikaoga haraka, nikavaa shati, na kutoka hapo nikasikia kila kitu.

Mgeni alikuwa mzee mrefu wa miwani mwenye faili kwapani. Jina lake sikulipata, kwa hiyo nitamwita Mzee wa Faili. Alitembea kati ya matuta bila kusema, anageuza majani, anayatazama kwa chini. Vigelegele vya akina mama vikaanza vikafa vyenyewe.

"Mchicha huu ni safi mno," akasema.

"Tunashukuru, baba," Mama akajibu.

"Sijausifu. Mchicha usiopigwa dawa ya dukani huwa na tundu mbili tatu. Huu hauna. Na hii nini?"

Nikachungulia. Alikuwa ameishika chupa yangu kwa vidole viwili, fuvu limewatazama akina mama.

"Hiyo, baba, ni mwarobaini," Mama akasema.

"Mwarobaini wenye fuvu?"

Bi. Somoe, ambaye wiki nzima alikuwa anajisifia bustani ile kama ni ya kwake, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama Athumani, ndiyo nini tena hii?"

Mama akageuka kumtazama. Aligeuka mwili mzima, taratibu, kwa sababu ya shingo. Mzee wa Faili akafungua faili akatoa kalamu.

"Athumaniii!" Mama akaita. "Njoo umweleze mgeni!"

Nikaichomoa suruali kwenye kamba nikaivaa nikiwa nakwenda. Niliona ni nzito kidogo, nikadhani haijakauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo, ni mimi." Kitu kikanichoma nyuma ya goti, nikadhani ni kijiti cha nyasi. "Chupa niliiokota jalalani, mzee. Ndani ni mwarobaini, ukinusa utajua."

"Mimi sinusi sumu, kijana. Viwavi wa hapa nani kawaua?"

"Majimoto. Wanapita kwenye kamba ile toka mkorosho."

Tukaitazama kamba wote, mimi, yeye, bibi shamba na akina mama wanane. Haikuwa na hata mdudu mmoja. Nikatazama kwenye vijiti, nikatazama kwenye mchicha, hakuna, ni jani tupu na jua.

"Wako wapi?" Mzee wa Faili akauliza.

Nilijiuliza swali hilo hilo. Sikujiuliza kwa muda mrefu. Nilisikia wa pili kwenye paja, wa tatu juu ya wa pili, halafu kwa wakati mmoja ikawa kama mtu amenimwagia uji wa moto toka kiunoni, nikaelewa walikohamia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo watu hunionea. Sikukimbia. Nilimwona Mama, na ile kalamu ya mzee nimeiona iko kwenye karatasi, nikajua nikikimbia wakati huu tumekwisha, atasema mtaalamu kakimbia swali. Nikashika mikono nyuma kama tulivyofundishwa, nikaanza hotuba.

"Mdudu huyu," nikasema, na mguu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, "mdudu huyu ni rafiki... ni rafiki wa mkulima..."

"Athumani, acha mzaha," Bi. Somoe akasema.

"Si mzaha! Ni rafiki, na hana... aaah... hana madhara..."

Nikawa naruka. Mguu huu, mguu ule, halafu yote miwili. Chande, ambaye alikuwa juu ya ukuta wa jiko kuangalia bure, akaanza kunipigia makofi ya ngoma. Tabu ya kuwa mtu wa mizaha ni kwamba siku ukiungua watu wanasubiri mwisho wa kichekesho. Mwalimu wa zamu aliwahi kuniambia hivyo nikamuigiza na yeye.

"Athumani," Mama akasema, wala hakupaza sauti. "Leo tu. Nakuomba."

Nikajaribu. Wallahi nilijaribu. Nikauma meno nikasema sentensi yote mpaka mwisho, "hana madhara yoyote kwa binadamu," na palepale, kwenye neno binadamu, mmoja wao akafika mahali ambapo sitapataja.

Suruali niliivua kwa pigo moja nikaitupa bila kutazama. Nikakimbia. Nilizunguka tuta la bamia mara moja nikashika mpapai, nikabaki nimeukumbatia, shati la shule jeupe juu, waridi na lesi chini, na yale macho yote. Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, kwa nia njema kabisa, "Ile si ya mwanamke?"

Ningekuwa nimebaki hapo mpaka leo kama suruali ingeangukia chini. Ilimwangukia Mzee wa Faili, mguu mmoja begani na mwingine mgongoni. Akaitazama. Akafungua mdomo kusema neno, nadhani neno kali, halafu akashika sikio. Halafu shingo. Faili likaanguka kwenye mchicha, miwani ikafuata, na mzee wa watu akaanza hotuba yangu toka pale nilipoiachia, mguu huu, mguu ule.

"Majivu!" Bibi huyo, katoka jikoni na ungo uliojaa majivu, sijui alikuwa ameuandaa saa ngapi. Akanimwagia mimi kwanza, toka kichwani, akayasugua miguuni kwa mikono yake, nikawa kama muhogo uliochomwa. Akavua khanga yake ya juu akanifunga kiunoni, huku anawageukia akina mama.

"Na nyie geuzeni macho! Huyu ni mume wangu, mnanitazamia bure!"

Hapo ndipo Kibiti ilipocheka. Walicheka akina mama, akacheka dereva wa wageni kule barabarani, Chande akaanguka toka ukutani. Mama hakucheka. Bibi akamwendea mzee na majivu yaliyobaki, "Samahani baba, inama kidogo," naye akainama, mzee mzima, akapakwa.

Alipoinuka alikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Akaokota miwani, akaifuta. Akachomoa mdudu mmoja aliyebaki kwenye ukosi wa shati, akamshika mbele ya jicho, mdudu bado anarusha miguu na taya zimefunguka.

"Bibi shamba," akasema. "Dawa ya dukani ingepita kwenye bustani hii, huyu angekuwepo?"

"Asingekuwepo, mzee. Hawa ndio wanaokufa wa kwanza."

Mzee akaenda pale suruali ilipoanguka, akaigeuza kwa kijiti. Walikuwa wamo kwa mamia, wameanza hadi kushona pindo. Kwenye mfuko wa kulia wakatoka wawili wanaburuta kiwavi, wamekwishamkausha nusu. Walikuwa wameshaifanya ghala. Mzee akachuchumaa akawafuata kwa macho mpaka wakaingia kwenye mchicha. Kisha akalichukua faili lake, akalipangusa udongo, akaandika. Hatukujua anaandika nini. Bibi shamba akamwokotea ile chupa ya fuvu, naye akaifungua, akainusa, akapiga chafya, akaandika tena.

Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, sikio moja limevimba kama andazi.

Wiki zilizofuata sitazieleza sana. Shuleni waliniita Waridi. Kwenye kiti changu waliweka majivu. Mwalimu wa baiolojia alipofika kwenye somo la wadudu alisema, "Athumani atatusaidia mfano," na darasa likashindwa kuendelea. Nyumbani kulikuwa kimya zaidi. Mama alirudi kwenye ndoo zake, mchana kutwa, na mimi niliongeza safari zangu bila kuambiwa, maana kila nilipomwona akigeuka mwili mzima nilikumbuka lile neno lake, leo tu.

Mwezi wa pili baada ya ukaguzi, siku moja natoka shule, nikakuta lori nyuma ya nyumba na wanaume wanashusha mabomba, na Bi. Somoe yuko katikati anaelekeza kwa sauti yake ileile ya zamani.

Chupa yangu ya fuvu Mama aliitoboa akaizika mwenyewe, na mwarobaini sasa unakaa kwenye mtungi. Kamba ya majimoto bado ipo na bado inafanya kazi, wala hapaning'inizwi kitu. Mimi nimeapa, na kiapo changu nakishika kwa miguu: kila Jumamosi nabeba suruali yangu mbichi hatua zote arobaini mpaka kwenye ua wa mbele, na kabla ya kuivaa naigeuza ndani nje, naikung'uta mara tatu, hata ikiwa imetoka sandukuni. Tena sisemi kitu chochote hakina madhara kama sijakivaa kwanza.

Ila siku ile ya pampu kufunguliwa, Mama ndiye aliyepewa mpini wa kwanza. Akapampu, maji yakaja na tope halafu yakaja safi, ndoo ikajaa, akina mama wakapiga vigelegele. Nikaenda kumbebea. Akanigeukia mwili mzima, akanitazama toka juu hadi chini, macho yakaishia kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka, akacheka mpaka akaushika mpini asianguke.

"We mtoto," akasema. "Ningejua kinachotakiwa ni hicho tu, ningekutia majimoto mwenyewe tangu mwaka jana."